Mstari unagusa lini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu diskriminanti

Nafundisha hesabu jioni hapa Ujiji, barazani kwa mjomba wangu, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye shina la mwembe. Darasa hujaa wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo vijana wanaosaidia kwenye mitumbwi hupata nafasi mwezi unapokuwa mkubwa. Anayekosa wiki mbili hurudi na maswali yaleyale waliyouliza wenzake alipokuwa ziwani, na mada inayoongoza ni hii: mstari na mpindo. Nimeamua kuyaandika maswali hayo ili kila mmoja asome kwa wakati wake. Mpindo ninaousema ni mstari wowote wa grafu usionyooka: parabola (yenye umbo la bakuli), duara na ndugu zao.

Mwalimu, "kugusa" maana yake nini hasa? Si hata kukata ni kugusa?

Chukua mfuniko wa sufuria, uulaze juu ya daftari, uuzungushie penseli. Umepata duara. Sasa weka rula juu kabisa ya ukurasa na uishushe polepole bila kuipinda. Mwanzoni rula na duara havijuani. Halafu inafika mahali ukingo wa rula umelikuta duara kwenye nukta moja tu. Ukiishusha kidogo tena, tayari inakata nukta mbili zilizo karibukaribu, na kadiri unavyoshuka ndivyo zinavyoachana.

Sasa rudisha rula juu, na macho yako yabaki kwenye zile nukta mbili. Zinasogeleana, zinasogeleana, mwisho zinakuwa moja. Huko ndiko kugusa. Ni kukata ambako nukta mbili zimekutana mahali pamoja. Ukilishika hili, mengine yote hapa chini ni kazi ya mkono, kwa sababu aljebra haina neno "kugusa". Yenyewe inajua mlinganyo wenye majibu mawili yanayofanana.

Diskriminanti ni kitu gani, na inaingiaje hapa?

Mlinganyo wa kipeo cha pili una umbo la ax² + bx + c = 0, a isiwe sifuri. Majibu yake ni

x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a

Kile kilichomo ndani ya alama ya kipeuo, b² − 4ac, ndicho diskriminanti. Nitaiita D. Mambo yote yako kwenye ile ±. D ikiwa chanya, unaongeza kitu kwa jibu la kwanza na unapunguza kitu kwa jibu la pili, unapata majibu mawili tofauti. D ikiwa sifuri, unaongeza sifuri na kupunguza sifuri: jibu lilelile mara mbili. D ikiwa hasi, hakuna namba halisi ambayo ukiizidisha kwa yenyewe utapata hasi, kwa hiyo hakuna jibu. Ni rula yetu ileile: inakata, inagusa, inapita mbali.

(Angalia vokali. Kipeo ni ile 2 ndogo inayokaa juu ya x. Kipeuo ni ile alama ya √. Tofauti ni herufi moja, na nimeshaona mtu akisoma kimoja akafanya kingine.)

Tuonyeshe hatua kwa hatua.

Tafuta k ili mstari y = 2x + k uguse parabola y = x² − 4x + 7.

Mahali vinapokutana, y ya mstari ndiyo y ya parabola. Basi viandike kuwa sawa:

x² − 4x + 7 = 2x + k

Vuta vyote upande mmoja:

x² − 6x + (7 − k) = 0

Hapa a = 1, b = −6, c = 7 − k. Kwa hiyo

D = (−6)² − 4(1)(7 − k) = 36 − 28 + 4k = 8 + 4k

Tunataka kugusa, basi 8 + 4k = 0, na k = −2.

Wengi huweka kalamu chini hapo. Usiweke. Rudisha k kwenye mlinganyo: x² − 6x + 9 = 0, yaani (x − 3)² = 0, x = 3. Mstari unasema y = 2(3) − 2 = 4. Parabola inasema y = 9 − 12 + 7 = 4. Wamekubaliana, nukta ni (3, 4). Ukaguzi huu hauzidi nusu dakika. Tena ukiona mlinganyo wako umekuwa mraba kamili kama ule (x − 3)², ujue D kweli ilikuwa sifuri. Ukikataa kuwa mraba kamili, kuna mahali uliteleza.

D hiyohiyo, 8 + 4k, inakujibu na maswali ambayo hujaulizwa: k ikizidi −2 mstari unakata mara mbili, ikipungua −2 mstari unapita chini ya parabola bila kukutana nayo.

Kwa nini nisitumie tu b² − 4ac ya parabola yenyewe?

Hili ndilo kosa linalonifutisha ubao kila wiki. Parabola yetu, x² − 4x + 7, ina b² − 4ac yake: 16 − 28 = −12. Mtu anaiona hasi, anaandika "mstari haugusi", anafunga daftari.

Ile −12 inajibu swali jingine kabisa. Inasema parabola haikutani na mhimili wa x. Na mhimili wa x nao ni mstari, ule wa y = 0. Kumbe hata ulipokuwa kidato cha pili unatafuta majibu ya mlinganyo wa kipeo cha pili, ulikuwa unakutanisha mstari na mpindo, ila mstari wenyewe ulikuwa umelala na hukuambiwa jina lake. Mstari ukibadilika, mlinganyo wa makutano unabadilika, na D inabadilika nao. Kwanza kutanisha, ndipo utafute D.

Nimepata D yenye x ndani yake. Nifanyeje?

Rudi nyuma. D haina x. Imeundwa na vizigeu tu, yaani namba zinazosimama mbele ya x², mbele ya x, na ile iliyobaki peke yake. Aliye na x ndani ya D ameandika b = −6x badala ya b = −6.

Na kwa kuwa tumefika kwenye makosa madogo: (−6)² ni 36, wala si −36. Na c ikiwa na vipande viwili kama 7 − k, ifungie mabano kabla ya kuzidisha kwa −4, la sivyo alama ya k itageuka bila wewe kujua.

Herufi isiyojulikana ikiwa mteremko, je?

Njia haibadilikii chochote, ila mara nyingi majibu huwa mawili. Mfano: mistari yote inayopita (0, −4), isipokuwa ule wima, ina umbo la y = mx − 4, m ikiwa mteremko. Ni ipi inayogusa y = x²?

x² = mx − 4, basi x² − mx + 4 = 0, na D = m² − 16. Ukiiweka sifuri, m = 4 au m = −4. Mmoja unagusa kwenye (2, 4), mwingine kwenye (−2, 4). Chora na utaona sababu: umesimama chini ya bakuli, unaweza kuligusa ubavu wa kulia au wa kushoto.

Swali likisema mstari *ukate* mara mbili, unahitaji m² − 16 > 0. Hapa niliwahi kujichoma mwenyewe. Kwenye mtihani wangu wa kidato cha sita niliandika m > ±4, nikapiga mstari chini kwa kujiamini. Haina maana. Jaribu m = 0: 0 − 16 ni hasi. Jaribu m = −5: 25 − 16 ni chanya, ingawa −5 haizidi 4. Jibu sahihi ni m < −4 au m > 4, yaani mistari iliyo wima zaidi ya ile miwili inayogusa, kwa kila upande. Katikati, kati ya −4 na 4, mistari inapita chini ya bakuli.

Mwalimu, hii hesabu itamsaidia nini mwanangu? (Swali la mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi.)

Mama, nakujibu kwa kazi yako.

Unataka eneo la kuanikia la mita za mraba 72, umbo la mstatili. Upande mmoja ni ukuta wa stoo, kwa hiyo hauhitaji wavu. Pande tatu zilizobaki unazizungushia wavu ili kuku na mbuzi wasiingie. Swali lako halisi ni: ninunue wavu mita ngapi, nisizidishe wala nisipungukiwe?

Tuseme pande mbili zinazotoka ukutani ni mita x kila mmoja, na ule unaotazama ziwa ni mita y. Eneo ni xy = 72. Wavu ni 2x + y, tuuite w. Ukichora grafu, xy = 72 ni mpindo unaoshuka kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, haipabola. Na 2x + y = w ni mstari mnyoofu unaosogea kwenda juu kila unapoongeza fedha ya wavu.

Kutoka kwenye mstari, y = w − 2x. Iweke kwenye eneo:

x(w − 2x) = 72
2x² − wx + 72 = 0
D = w² − 4(2)(72) = w² − 576

Ukienda dukani na fedha ya mita 20: D = 400 − 576 = −176. Hasi. Mstari haufiki kwenye mpindo, maana yake mita 20 hazizungushi eneo la 72 hata uzipange namna gani. Hakuna fundi atakayekusaidia hapo.

Ukinunua mita 26: D = 676 − 576 = 100, kipeuo chake 10, x = (26 ± 10)/4, yaani 9 au 4. Unaweza kuweka 9 kwa 8, au 4 kwa 18. Zote zinatimia, lakini umelipia wavu zaidi ya unaohitaji.

Mstari unapogusa tu: w² = 576, w = 24. Hapo x = 24/4 = 6 na y = 12. Sita kwa kumi na mbili ni sabini na mbili. Mita 24 ndizo za chini kabisa. Ukipunguza hata sentimita moja, D inakuwa hasi na eneo halitimii. (D = 0 inakubali pia w = −24, lakini wavu wa urefu hasi hauuzwi popote Kigoma.)

Mtu anayesema "kugusa ndiko kupata kidogo kabisa kinachotosha" ameelewa mada hii kuliko aliyekariri kanuni. Mama alicheka, akasema yeye alishazungusha mita 30. Nikamwambia basi ana eneo kubwa zaidi, au ana wavu umekunjwa kwenye kona. Ulikuwa umekunjwa kwenye kona.

Na duara?

Njia ni ileile, ila unaingiza y ya mstari ndani ya mlinganyo wa duara. Mstari y = x + c (c hii ni ya mstari, si ile ya b² − 4ac) na duara x² + y² = 8:

x² + (x + c)² = 8
2x² + 2cx + c² − 8 = 0
D = 4c² − 8(c² − 8) = 64 − 4c²

D = 0 inatoa c = 4 au −4. Kwa c = 4, nukta ni (−2, 2).

Kwenye duara lakini mimi mwenyewe hupenda njia fupi: mstari unagusa pale umbali wake kutoka kitovu unapolingana na nusu kipenyo. Umbali wa mstari huu kutoka (0, 0) ni |c|/√2, nusu kipenyo ni √8, basi |c| = 4. Mtihani usipotaja njia, chagua inayokupa nafasi chache za kukosea. Kukunjua (x + c)² ni nafasi moja nzuri sana ya kukosea.

Nimechora kwenye simu na naona mstari unagusa kabisa. Bado nifanye D?

Fanya. Rudi kwenye ule mfano wa kwanza, uweke k = −1.99 badala ya −2. Kwenye kioo cha simu huwezi kuona tofauti. Mstari umesogea juu kwa sehemu moja ya mia. Lakini D = 8 + 4(−1.99) = 0.04, si sifuri. Kipeuo chake ni 0.2, na makutano yako x = 2.9 na x = 3.1. Nukta mbili zilizoachana kwa 0.2, na jicho linaapa kwamba ni moja.

Tazama pia hapo: mstari ulisogea 0.01 tu, nukta zikaachana mara ishirini ya hiyo. Ndiyo maana kipimo cha macho kinadanganya zaidi karibu na mahali pa kugusa kuliko kwingine kote. Grafu itumie kujua jibu liko upande gani, na D ndiyo ikupe jibu lenyewe.

Mstari ukikutana na mpindo mahali pamoja tu, si lazima uwe unagusa?

Hapana, na hapa walimu wengi tunapita haraka. Chukua mstari wima x = 3 na parabola y = x². Vinakutana kwenye (3, 9), mara moja tu. Lakini mstari umeipasua parabola, umetoka nje ukaingia ndani. Hakuna nukta ya pili iliyokuja kukutana na ya kwanza. Nukta ya pili haikuwepo tangu mwanzo. Ukiangalia hesabu, hukupata mlinganyo wa kipeo cha pili kabisa: y = 9, basi. Hakuna a, kwa hiyo hakuna D ya kuzungumzia.

Hali kama hiyo hutokea kwa haipabola xy = 72 na mstari uliolala y = 8: x = 9 peke yake, na mstari unakata.

Kwa hiyo kabla ya kuandika D, hakikisha x² ipo kweli. Hasa herufi isiyojulikana ikiwa imekaa mbele ya x². Mfano kx² − 2x + 1 = 0 una D = 4 − 4k, na kugusa ni k = 1. Mtu makini ataongeza: k = 0 naiacha, kwa sababu hapo mpindo wenyewe umekuwa mstari.

D inafanya kazi kwa kila mpindo?

Hii b² − 4ac ni ya vipeo vya pili tu. Mpindo y = x³ − 3x na mstari y = 2 vinatoa x³ − 3x − 2 = 0, ambao unagawanyika kuwa (x + 1)²(x − 2) = 0. Mstari unagusa kwenye x = −1, halafu unaendelea mbele na kukata kwenye x = 2. Wazo la jibu linalojirudia limebaki palepale, ila kanuni yetu fupi haitoshi tena. Kwa mipindo ya namna hiyo difarensiesheni ni rahisi zaidi: inakupa mteremko wa mpindo kwenye nukta yoyote. Ikiwa nukta unaijua na unataka mstari, tumia difarensiesheni. Ikiwa mstari una herufi isiyojulikana na nukta huijui, mpindo ukiwa wa kipeo cha pili, D inakufikisha mapema.

Nani aliyeanzisha mambo haya?

Wazo ni kongwe kuliko jina. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9, ambaye kitabu chake ndicho kilichotupa neno aljebra, alitatua mlinganyo ambao sisi leo tungeuandika x² + 21 = 10x. Alisema hivi kwa maneno matupu, bila alama: chukua nusu ya kumi, tano, izidishe kwa yenyewe, 25, ondoa 21, unabaki na 4, kipeuo chake 2, toa au ongeza kwenye tano, unapata 3 au 7. Kisha akaongeza kwamba ikiwa ule mraba wa nusu ni mdogo kuliko namba iliyosimama peke yake, swali haliwezekani, na ikiwa ni sawa nayo, jibu ni ile nusu yenyewe. Hiyo ndiyo D hasi na D sifuri, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya jina. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alitumia majibu yanayojirudia kutafuta mstari unaokutana na mpindo kwa pembe mraba, ambao ukiupata na ule unaogusa umeupata. Jina diskriminanti alilibuni Mwingereza James Joseph Sylvester mwaka 1851.

Mtihani ni wa Kiingereza. Kwa nini unaeleza kwa Kiswahili?

Kwa sababu nikiuliza kwa Kiingereza "mmeelewa?" wote huitikia ndiyo, na nikiuliza kwa Kiswahili wananiambia ukweli.

Naomba mazoezi.

Matatu, na majibu nimeyaweka hapohapo ili usinipigie simu saa sita usiku. Moja: k ni ngapi ili y = x + k iguse y = x² + 5x + 9? (k = 5, kwenye (−2, 3).) Mbili: m gani zinafanya y = mx − 9 ipite bila kukutana na y = x²? (Kati ya −6 na 6.) Tatu ni ya mama wa Kibirizi: eneo sasa ni mita za mraba 98, ukuta uleule. (Wavu mita 28, saba kwa kumi na nne.) Ukipata 28 kwa kukisia halijahesabika, nataka kuona w² − 784 kwenye daftari.